Ganzi ya kidole cha mwisho: mapitio ya Cochrane yakisomewa Ipogolo

Simama dakika kumi pale Ipogolo, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapopita bondeni na mji wa Iringa ukiwa juu yako mlimani. Angalia malori. Achana na mzigo, angalia kiwiko cha dereva. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo kiwiko cha kulia ndicho kinachokaa kwenye ukingo wa dirisha: kimekunjwa, ngozi juu ya chuma, na injini inatetemesha kila kitu. Kutoka Dar mpaka hapo ni karibu kilomita 500, kona za Kitonga zikiwemo. Ukimuuliza dereva wa siku nyingi kama vidole vyake viwili vya mwisho huwa vinakufa ganzi, usishangae akikujibu, "Hiyo mbona kawaida."

Hiyo "kawaida" ndiyo mada yetu. Ina jina la kitabibu: kubanwa kwa neva ya ulna kwenye kiwiko. Na ina ushahidi wake, uliokusanywa na taasisi ya Cochrane, wale wanaochambua majaribio ya tiba kutoka kila pembe ya dunia na kusema kipi kinafanya kazi na kipi ni maneno matupu. Leo tunahakiki mapitio yao ya mwaka 2016 kuhusu tiba ya tatizo hili, yaliyoandikwa na Caliandro na wenzake. Swali letu ni moja: ukiyachukua mapitio haya ukayashusha Ipogolo, yanamsaidia nani, na yanamwacha nani?

Kwanza, neva yenyewe

Umewahi kugonga kiwiko upande wa ndani kwenye kona ya meza, ukapigwa na kitu kama umeme mpaka kidole kidogo? Huo si mfupa. Ni neva ya ulna, mojawapo ya mishipa mikubwa ya fahamu ya mkono. Inaanzia shingoni, inashuka na mkono, halafu inapita nyuma ya ile nundu ya ndani ya kiwiko kwenye mfereji mwembamba uliofunikwa na utando mgumu. Hapo haina nyama ya kuikinga. Iko chini ya ngozi tu.

Ukikunja kiwiko, mfereji unabana na wakati huohuo neva inavutwa. Ukiegemeza kiwiko juu ya kitu kigumu, unaongeza mgandamizo wa nje. Dereva mwenye kiwiko dirishani anayafanya yote kwa pamoja, kwa saa nyingi. Hayuko peke yake. Mlinzi anayelala kwenye kiti mkono ukiwa chini ya kichwa yumo. Anayeongea na simu saa nzima yumo pia, kiasi kwamba mwaka 2009 jarida la madaktari wa Cleveland Clinic huko Marekani lilichapisha makala kuhusu "kiwiko cha simu". Na sisi tunaoandika tasnifu tukiwa tumeegemea meza, tusijifanye hatumo.

Neva hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni hisia: kidole kidogo, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wake. Ya pili ni nguvu: inaendesha misuli mingi midogo ya ndani ya kiganja, ile inayotanua vidole na kuvibana, na inayokuwezesha kushika ufunguo kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Kipimo rahisi kilielezwa na daktari Mfaransa, Jules Froment, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Shika karatasi namna hiyo, mwenzako aivute. Kama dole gumba linajikunja kwenye kiungo cha juu ili isichomoke, misuli ya neva ya ulna imechoka na dole gumba linaazima nguvu kutoka neva nyingine.

Shika tofauti hiyo kati ya hisia na nguvu. Tutaihitaji mbele.

Maelezo ya mtaani, na kasoro zake

Kabla ya kuwahakiki watu wa mbali, tujihakiki sisi wenyewe. Iringa kuna baridi, hasa Juni na Julai, kwa hiyo maelezo ya kwanza ni baridi. Ya pili ni kwamba "damu haizunguki". Ya tatu yanatoka duka la dawa: upungufu wa vitamini, chukua hivi vidonge vya B.

Baridi inaweza kuongeza usumbufu, sawa, lakini haichagui kidole kimoja na nusu. Damu nayo haigawanyiki hivyo. Ganzi inayochora mpaka katikati ya kidole cha pete inafuata ramani ya neva, na ramani hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza kabisa ambao mgonjwa anaweza kuusoma mwenyewe bila mashine. Ikishika dole gumba na vidole vya kati na kukuamsha usiku, fikiria neva nyingine, ile inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikianzia miguu yote miwili na kupanda polepole, fikiria kisukari, pombe, au dawa unazotumia, mfano isoniazidi ya kifua kikuu. Ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, hapo hakuna kusoma ramani: ni hospitali sasa hivi, inaweza kuwa kiharusi.

Vitamini B husaidia kama umepungukiwa vitamini B. Haziwezi kuinua kiwiko kutoka dirishani. Zaidi ya hapo, vitamini B6 ikimezwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu neva na kuleta ganzi. Yaani mtu ananunua ganzi kwa pesa yake ili atibu ganzi.

Kukanda kwa nguvu pale kwenye nundu nako ni kuongeza mgandamizo kwenye kitu ambacho shida yake ni mgandamizo. Na ukitumia maji ya moto, kumbuka kwamba mkono uliokufa ganzi hautakuambia kuwa unaungua.

Mapitio yanasema nini

Turudi kwa Cochrane. Walichuja majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu wakabaki na 9 tu, yenye washiriki 587 kwa jumla. Majibu yao makubwa ni haya.

Kuhusu upasuaji, kuna njia kuu mbili. Moja ni kufungua ule utando ili neva ipate nafasi. Nyingine ni kufungua kisha kuihamisha neva kutoka nyuma ya nundu na kuipitisha mbele. Ya pili inaonekana ya kitaalamu zaidi, lakini matokeo hayakutofautiana, hata kwa wagonjwa ambao neva zao zilikuwa zimeathirika sana. Tofauti ilikuwa kwenye vidonda: waliofunguliwa tu, hatari yao ya kidonda kupata maambukizi ilikuwa kama theluthi moja ya ile ya waliohamishiwa neva. Kwa nchi yetu hili ni jibu la maana sana. Upasuaji mfupi na rahisi zaidi haukupitwa na ule mgumu.

Kuhusu sindano ya steroidi kwenye kiwiko, jaribio moja la Uholanzi lenye watu 55 liliilinganisha na sindano ya bandia. Baada ya miezi 3 hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo ukiambiwa uchomwe sindano ya kiwiko kwa ajili ya ganzi hii, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kuhusu tiba bila kisu, jaribio moja la Sweden liligawa wagonjwa wa hali ya chini na ya kati katika makundi matatu. Wote walielezwa mikao ya kuepuka. Kundi moja likaongezewa kifaa cha kunyoosha kiwiko usiku, jingine mazoezi ya kuiteleza neva, la tatu likabaki na maelezo tu. Wengi wakapata nafuu, na nyongeza zile hazikuleta faida ya ziada.

Halafu waandishi wakafunga kwa sentensi ambayo wataalamu wengi hawapendi kuiandika: hatujui ni wakati gani mgonjwa atibiwe bila upasuaji na wakati gani apasuliwe. Tunawapa pongezi za dhati. Kusema "hatujui" hadharani, wakati kila mtaa una mtu anayejua, siyo mchezo.

Tunapokwaruzana nayo

Lakini uhakiki hauishii kwenye pongezi. Tuna hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya kimbinu. Mapitio yanasema kutoa maelezo kunaweza kupunguza usumbufu. Hebu tazama tena lile jaribio la Sweden. Watu 70 waliingia, 57 wakafuatiliwa hadi miezi 6, na karibu 9 kati ya kila 10 wakawa wamepata nafuu. Inapendeza. Ila kila kundi lilipewa maelezo. Hakuna kundi lililoachwa bila maelezo ili tulinganishe. Basi nani alileta nafuu: maelezo, au mwili wenyewe uliojiponya kwa muda? Jaribio hilo haliwezi kujibu. Linaweza kutuambia tu kwamba kifaa na mazoezi havikuongeza kitu juu ya maelezo. Waandishi waliuita ushahidi huo wa ubora wa chini, na ni haki, ila msomaji wa haraka atabeba ile "maelezo yanasaidia" na kuacha neno "ubora wa chini" njiani. Sisi bado tungetoa maelezo hayo, kwa sababu hayana madhara na yanaendana na jinsi neva inavyofanya kazi. Lakini tuyaite kwa jina lake: busara yenye mantiki, ambayo bado haijathibitishwa.

Hoja ya pili ni ya gharama. Majaribio haya yalipima ganzi, nguvu na umeme wa neva. Hayakupima bei ya kufuata ushauri. "Epuka kukunja kiwiko kwa muda mrefu" ni sentensi nyepesi kwa mtu mwenye kiti cha ofisini na likizo ya ugonjwa. Dereva anayelipwa kwa safari akipumzika wiki mbili, mtu mwingine anashika usukani, na huenda asiurudishe. Fundi cherehani akisimama, sare za shule zinahamia kwa fundi wa pili. Hakuna hata moja kati ya majaribio yale 9 lililofanyika Afrika, na inaonekana. Ushauri usiopimwa kwa mtu wa kipato cha kutwa, hatujui kama ni tiba au ni hotuba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mapitio yanahusu neva iliyobanwa bila chanzo kinachojulikana. Kisayansi ni uamuzi halali, maana huwezi kuchanganya magonjwa kumi kwenye kapu moja halafu ukatafuta wastani. Lakini neno "bila chanzo" lina maana tu pale ambapo vyanzo vimetafutwa. Na hapa kwetu kuna chanzo kimoja ambacho daktari wa Ulaya anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kukiona.

Ugonjwa mwingine kwenye kiwiko hichohicho

Ni ukoma. Najua, wengi tunadhani uliisha na babu zetu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, dawa za mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 zikaingia nchini, na mwaka 2006 Tanzania ikashuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Kazi kubwa. Lakini kushuka chini ya kiwango si kwisha. Shirika hilohilo limeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 23 za kipaumbele katika vita dhidi ya ukoma.

Bakteria wa ukoma hupenda neva zilizo karibu na ngozi, sehemu zenye ubaridi kuliko ndani ya mwili. Sasa kumbuka neva ya ulna inapita wapi. Ndiyo maana ni miongoni mwa neva zinazoshambuliwa zaidi, na hushambuliwa hapohapo karibu na kiwiko. Ganzi ni ileile, kidole ni kilekile, na vidole vya mwisho mwishowe hukunjamana kama kucha za ndege vilevile. Mtu anaweza kumeza vitamini mwaka mzima akingoja baridi ipite.

Hapa ndipo jina la ugonjwa linapogeuza tiba nzima. Kwenye neva iliyobanwa kwa mgandamizo tu, tumeona sindano ya steroidi haikushinda ya bandia. Kwenye neva ya ukoma iliyovimba kwa kinga ya mwili kuchachamaa, steroidi ya kumeza, prednisoloni, ndiyo tiba inayotumika kuokoa neva, ikianzwa mapema na kusimamiwa na mtaalamu. Na upasuaji wa kuifungulia neva ya ukoma nafasi? Cochrane wana mapitio mengine kuhusu hilo. Walipata majaribio 2 tu, na hayakuonyesha kuwa kisu kinaongeza faida kubwa juu ya steroidi. Kwa hiyo kuna mapitio mawili, kutoka nyumba moja, kuhusu neva ileile mahali palepale, na majibu yanakaribia kupishana. Hayapingani, kwa sababu magonjwa ni mawili. Ila mgonjwa ana kiwiko kimoja, na hakuna hata moja kati ya mapitio hayo linaloanza na swali lake: mimi ni yupi?

Dalili za kutenganisha hazihitaji mashine ya gharama. Zinahitaji mtoa huduma anayevua shati la mgonjwa na kuangalia. Je, kuna baka la ngozi lililopauka au jekundu ambalo halihisi pamba ikipitishwa? Je, neva juu kidogo ya kiwiko imekuwa nene ukiipapasa, ukilinganisha na mkono wa pili? Je, kuna ganzi sehemu nyingine, mguuni au usoni? Je, ana majeraha asiyojua yalipotoka? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni sababu ya kuomba uchunguzi wa ukoma. Dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa kawaida miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa huacha kuambukiza wengine mapema baada ya kuanza. Watu wengi wana kinga ya asili dhidi ya bakteria hawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mtu. Kinachoua mkono ni kuchelewa, na kinachochelewesha mara nyingi ni aibu.

Hesabu ya milimita moja

Kwa nini tunang'ang'ania muda? Piga hesabu. Nyuzi za neva zilizokufa zikiota upya, huenda kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni mpaka misuli midogo ya kiganja cha mtu mzima ni kama sentimita 25 hadi 30. Hiyo ni milimita 250 hadi 300, sawa na siku 250 hadi 300, kama kila kitu kitakwenda vizuri. Misuli iliyokaa bila neva nayo haingoji milele. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, uwezekano wa kuamka unakuwa mdogo sana.

Ndiyo maana nilisema ushike tofauti ya hisia na nguvu. Ganzi inayokuja na kuondoka ina muda wa kujaribiwa kwa kubadilisha mikao. Udhaifu hauna. Ukiona karatasi inachomoka, funguo zinaanguka, vifungo vya shati vinakushinda, au bonde limeanza kuchimbika kati ya dole gumba na shahada nyuma ya kiganja, saa imeshaanza kuhesabu. Hapo kusubiri malipo ya safari tatu zijazo ni kuuza mkono kwa mkopo.

Basi tufanye nini?

Kwa ganzi ya kuja na kuondoka, bila udhaifu na bila dalili za ukoma, jaribu wiki sita. Kiwiko kiondoke dirishani. Kiti kisogezwe nyuma kidogo ili mkono usikunjwe sana kwenye usukani. Simu itumie spika au hedifoni, au badilisha mkono. Usiku zungushia kiwiko taulo na ufunge kwa bandeji bila kukaza, kisikunjwe ukiwa usingizini. Jaribio la Sweden halikuona faida ya ziada ya kifaa cha usiku, kwa hiyo kama taulo linakukosesha usingizi, liache bila majuto. Wanaokaa mezani, wekeni kitambaa chini ya kiwiko, au bora zaidi msiegemee.

Kama ganzi haiondoki kabisa, au nguvu imeanza kupungua, nenda kituo cha afya na uombe mkono wote uangaliwe, kuanzia shingoni. Kipimo cha umeme wa neva hakipatikani kila hospitali, lakini karatasi ya Froment, pamba na macho vinapatikana hata zahanati. Ukifikia hatua ya kuambiwa upasuaji, uliza kama kufungua tu kunatosha. Ushahidi utakuwa upande wako.

Hukumu yetu kwa mapitio ya Cochrane: ni kazi safi, yenye unyoofu wa kupigiwa mfano, na jibu lake kuhusu upasuaji rahisi linafaa kusomwa na kila daktari wa upasuaji nchini. Lakini yanaanza mlangoni mwa daktari, wakati jina la ugonjwa limeshapatikana. Shida ya mgonjwa wa Ipogolo inaanza mapema zaidi, kwenye lile neno "kawaida". Mpaka pale mtu atakapofanya utafiti unaoanzia hapo, kwa madereva, mafundi na walinzi wa nyanda hizi, swali la kwanza litabaki mikononi mwetu, nalo ni la bure: ni vidole vipi?